Mbaruti Hauzai Tini: Jina la Mmea na Tunda Lake

Somo la juma kwa vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma: Mathayo 7:15–20, Mwanzo 3:17–19, Waebrania 6:7–8



Juma hili tunajifunza kutoka kwenye mmea ambao kila anayeishi Scotland huuona, hata kama hajui jina lake kwa Kiswahili. Chukua sarafu ya pauni moja ya aina ile yenye mimea uigeuze. Utaona mimea minne ikitoka ndani ya taji moja: waridi la Uingereza, liki ya Wales, shamroki ya Ireland ya Kaskazini, na mmea wenye kichwa cha mviringo na miiba. Huo wa mwisho ndio wa Scotland. Wenyeji wanauita thistle. Sisi tutauita mbaruti, kwa kuwa hilo ndilo neno tunalolikuta katika Biblia yetu ya Kiswahili, Mathayo 7:16.

Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya Maandiko: Bwana wetu mwenyewe aliutumia mmea huu kutufundisha namna ya kupima mafundisho na wanaoyaleta. Ya pili ni ya kazi yangu. Kama muuguzi naulizwa mara kwa mara na ndugu zetu kuhusu vidonge vilivyoandikwa "milk thistle". Vinauzwa madukani, na kwenye makundi ya WhatsApp vinasifiwa kwamba vinaponya ini. Baadhi ya wanaouliza wana homa ya ini B, na wapo wanaotaka kuacha dawa ya hospitali ili watumie vidonge hivyo peke yake. Kwa hiyo naomba tusome polepole, maana hapa kuna uhai wa mtu.

1. Mmea wenyewe

Mbaruti ni wa jamii moja na alizeti, na pia kile kishona nguo kilichokuwa kinang'ang'ania kwenye sare zetu tukitoka shuleni. Kile tunachokiona kama ua moja la zambarau ni maua madogo mengi yaliyokusanyika kwenye kichwa kimoja. Kila ua dogo likikomaa huacha tunda dogo kavu lenye mbegu moja, na juu yake manyoya mepesi. Upepo ukivuma, manyoya hayo huibeba mbegu hadi shamba la jirani. Kuna ndege mdogo hapa, mwenye uso mwekundu na mstari wa dhahabu kwenye mbawa, anayependa sana mbegu hizo. Jina lake la kisayansi, Carduelis, limetokana na carduus, neno la Kilatini la mbaruti.

Wafalme wa Scotland waliuweka mmea huu kwenye sarafu za fedha tangu miaka ya 1470, wakati wa James wa Tatu. Mwaka 1687 Mfalme James wa Saba aliipa nishani ya juu ya nchi hii jina la mmea huo huo. Wenyeji husimulia kwamba maadui kutoka kaskazini walikuja usiku kwa kunyata, bila viatu, na mmoja wao akakanyaga mbaruti akapiga kelele, Waskoti wakaamka. Ni hadithi ya mababu, lakini inaonyesha jinsi wanavyouenzi mmea huo.

Sasa linganisha na hili. Sheria ya magugu ya Uingereza ya mwaka 1959 inataja aina mbili za mbaruti miongoni mwa magugu yenye madhara, na mwenye shamba anaweza kuamriwa ayazuie yasienee. Mmea ule ule una heshima kwenye sarafu na una kesi shambani. Mkulima hauulizi mbaruti una cheo gani. Anaangalia unamfanyia nini mle ndani ya shamba lake.

2. Jina lake katika Biblia

Tufungue Mwanzo 3:18. Baada ya Adamu na Hawa kuasi, Mungu anasema ardhi itamzalia mwanadamu mimea ya miiba. Kwa Kiebrania mimea hiyo ni miwili, qots na dardar. Biblia yetu ya Kiswahili imetumia michongoma na miiba, majina ambayo msomaji wa kwetu anayaelewa mara moja, kwa sababu mchongoma ndio ua wa nyumba nyingi huko nyumbani.

Kabla Kristo hajazaliwa, Wayahudi walitafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki. Mahali hapo waliweka maneno mawili: akantha, yaani mwiba, na tribolos. Ukifungua Mathayo 7:16 kwa Kigiriki, unakuta maneno hayo hayo mawili. Ukifungua Waebrania 6:8, unayakuta tena yote mawili pamoja. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili hatuoni uhusiano huo kwa urahisi, kwa kuwa watafsiri walitumia maneno tofauti kila mahali. Lakini msomaji wa kwanza wa Mathayo aliyeijua Torati kwa Kigiriki angeisikia Edeni ndani ya maneno ya Yesu. Angesikia kwamba mwalimu wa uongo ni sehemu ya uharibifu ule ule wa tangu mwanzo: ardhi inayotoa kitu, lakini kisichomlisha mtu.

Tribolos maana yake ni chenye ncha tatu. Watu wa zamani walilitumia neno hilo pia kwa vyuma vyenye ncha vilivyomwagwa njiani ili vichome kwato za farasi wa adui. Wataalamu wa mimea walipotafuta jina la kisayansi la mbigili wetu, ule unaotambaa chini na kutoboa miguu na matairi ya baiskeli, waliuita Tribulus, kutokana na neno hilo hilo. Kwa hiyo tukisoma Mathayo 7:16 tunaweza kuufikiria mbaruti wa Scotland au mbigili wa nyumbani, na fundisho halibadiliki.

Angalieni jambo moja kuhusu mbigili. Mchongoma una mwiba kwenye tawi, na matunda yake unaweza kuyafikia ukiwa mwangalifu. Kwa mbigili, tunda lenyewe ndilo mwiba. Likikauka hupasuka vipande vyenye ncha, na hivyo ndivyo vinavyokuchoma. Bwana Yesu hakusema kwamba mbaruti hauna tunda. Unalo, tena kwa wingi. Alichouliza ni kama tunda hilo ni tini.

3. Majina mazuri ambayo watu waliupa

Watu wameipa mibaruti majina matukufu kwelikweli. Tuangalie matatu.

La kwanza ni mbaruti wa Maria. Huu ndio "milk thistle" wa kwenye vichupa, yaani mbaruti wa maziwa. Jina lake la kisayansi ni Silybum marianum, na hilo neno la pili linamhusu Maria. Majani yake yana mistari myeupe, na watu wa Ulaya walisimulia kwamba ni matone ya maziwa ya Mariamu alipokuwa akimnyonyesha mtoto Yesu. Hakuna Andiko linalosema hivyo. Lakini kwa sababu ya jina na ile mistari, akina mama waliambiwa kwamba mmea huo unaongeza maziwa.

La pili ni mbaruti mbarikiwa, Centaurea benedicta. Benedicta ni Kilatini, maana yake aliyebarikiwa. Watawa waliupanda kwenye bustani zao, na watu waliutumia wakiamini kwamba unaponya tauni. Tauni iliua mamilioni ya watu Ulaya, pamoja na watawa wengi waliokuwa na mmea huo bustanini.

La tatu ni Carlina, mbaruti wa mfalme Karoli Mkuu. Hadithi inasema malaika alimwonyesha mfalme mmea huo ili uwaponye askari wake tauni.

Mama wa Bwana, baraka, malaika na mfalme: ni nani angethubutu kuuliza maswali mbele ya majina kama hayo? Na hapo ndipo penye hatari. Mbaruti mmoja mkubwa ambao wengi huuita mbaruti wa Scotland una jina la kisayansi Onopordum. Msinicheke, lakini kwa Kigiriki maana yake ni ushuzi wa punda. Wengine walipoutazama waliona taji, wengine wakaona chakula kinachomjaza punda tumbo gesi. Mmea haukubadilika. Jina hutuambia mengi kuhusu aliyelitoa, na machache kuhusu kilichomo ndani.

4. Kuangalia tunda

Bwana alitupa kipimo: tuangalie tunda. Hospitalini nasi tuna namna ya kuangalia tunda. Tunachukua watu wenye ugonjwa mmoja, baadhi wanapewa dawa na wengine wanapewa kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa, na hakuna anayejua amepewa kipi. Baada ya muda tunapima damu za wote.

Mbaruti wa Maria ulipimwa hivyo. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa watu 154 wenye homa ya ini C ya muda mrefu ambayo matibabu ya wakati ule hayakuweza kuiponya. Walipewa silymarin, yaani dutu inayotolewa kwenye mbegu za mmea huo, kwa kiwango kikubwa kuliko kawaida, kwa wiki 24. Vipimo vya ini vya waliopewa silymarin havikuwa bora kuliko vya wale waliopewa kidonge kitupu.

Tuseme haki yote. Mmea huu si sumu kwa watu wengi. Huweza kusumbua tumbo, kuleta mzio kwa wenye mzio wa mimea ya jamii hiyo, na kushusha kidogo sukari ya damu, jambo ambalo mwenye kisukari anapaswa kulijua. Tena huko Ulaya madaktari hutumia dutu yake moja, silibinin, kwa njia ya mshipa kwa mtu aliyekula uyoga wa sumu uharibuo ini. Hilo ni tunda na tunalikubali. Lakini dripu ya hospitali kwa aliyekula uyoga haithibitishi kwamba kidonge cha dukani kinaua virusi vya homa ya ini B. Ukiona kwenye kichupa alama ya THR, ujue maana yake: ubora na usalama umeangaliwa, na mmea umetumika kwa desturi miaka mingi. Alama hiyo haisemi kwamba imethibitishwa kuwa unaponya.

Na kuna jambo la kutisha zaidi. Nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, kama Moroko, Algeria na Tunisia, zina mbaruti uitwao Atractylis gummifera, jamaa wa karibu wa ule wa mfalme Karoli. Mizizi yake hutumika kama dawa ya kienyeji, na watoto wameitafuna wakidhani ni mmea wa kula. Sumu yake huua ini lenyewe, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa. Kwa hiyo mbaruti mmoja unasifiwa kwamba unalinda ini, na ndugu yake analiua. Mtu akikuletea unga ndani ya mfuko usio na maandishi na kukuambia ni mbaruti, umejuaje ni upi?

5. Ugonjwa tunaouzungumzia

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu, na kati yao milioni 65 wako katika kanda ya Afrika. Mwaka huo watu milioni 1.1 walikufa, wengi kwa ini kusinyaa au kwa saratani ya ini. Sisi tunaotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya na Uganda tumo katika hesabu hiyo.

Wengi waliambukizwa wakiwa wachanga, wakati wa kuzaliwa au wakiwa watoto wadogo. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 95 kati ya 100 hubaki na virusi. Mtu mzima akiambukizwa, wanaobaki navyo ni chini ya 5 kati ya 100. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi nao miaka 30 bila dalili yoyote. Si laana ya ukoo, wala haimaanishi kwamba mtu aliishi vibaya.

Huambukizwa kwa damu, kwa ngono isiyo na kinga, kwa wembe au sindano iliyotumiwa na mwingine, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hauambukizwi kwa kula sahani moja, kukumbatiana, wala kushiriki kikombe cha meza ya Bwana. Nasema hili kwa sababu wapo ndugu waliotengewa vyombo majumbani. Jambo hilo likome kati yetu.

Na hapa tunda lipo. Chanjo ipo, na watoto waliozaliwa Uingereza tangu Agosti 2017 huipata pamoja na chanjo zao za kawaida. Mama mjamzito hupimwa, na akiwa na virusi mtoto huchanjwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa anayehitaji matibabu kuna tenofovir na entecavir, kidonge kimoja kwa siku. Mara nyingi dawa hizi haziondoi virusi kabisa, ila huvilaza na kulilinda ini. Si kila mwenye virusi anazihitaji leo, lakini kila mwenye virusi anahitaji kufuatiliwa. Anayezitumia akiziacha ghafla, virusi vinaweza kuamka kwa nguvu na kuliharibu ini kwa muda mfupi. Kwa hiyo usiache dawa kabla ya kuzungumza na kliniki yako.

Hapa Scotland dawa za kuandikiwa hazilipiwi tangu mwaka 2011, na matibabu ya homa ya ini ya virusi hayatozwi fedha hata kwa anayesubiri majibu ya ukimbizi. Mwambie GP wako unataka kupimwa homa ya ini B. Omba mkalimani wa Kiswahili, naye ni bure. Usimtumie mwanao kutafsiri habari za ugonjwa wako.

6. Je, tukatae mitishamba?

Hapana. Katika jamii hii hii ya alizeti na mbaruti kuna mmea uitwao Artemisia annua. Wachina waliutumia kwa homa kwa karne nyingi. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake waliupima, na mwaka 1972 wakapata dutu inayoua vijidudu vya malaria. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Dawa mseto tuliyompa mtoto mwenye malaria huko nyumbani ina dawa iliyotokana na mmea huo. Mungu ameweka mengi katika mimea, na aliyemheshimu Mungu hakuogopa kuuangalia uumbaji wake kwa makini.

Kwa hiyo mtu akikuletea dawa, hata akiwa mtumishi anayeheshimika, mwulize kwa upole maswali manne:

- Kilichomo ndani ni nini hasa, na kiasi gani?
- Tunda lake limeonekana kwa kipimo gani, mbali na ushuhuda wa mtu mmoja?
- Je, unanitaka niache dawa ya daktari au nimfiche daktari?
- Nani anapata fedha nikinunua?

Kuuliza si kukosa imani. Yesu aliyetuambia tuangalie matunda anajua kwamba mtu hawezi kuangalia tunda akiwa amefumba macho. Mti mwema haupati hasara ukichunguzwa. Na kama tayari unatumia vidonge vya mbaruti, usione haya: mwonyeshe daktari au mfamasia kichupa chenyewe, ili aangalie kama vinapatana na dawa zako nyingine.

Mwisho, tusiishie kuwapima wengine. Hata sisi tuna majina mazuri: mwokovu, mzee wa kanisa, mama wa maombi. Waebrania 6 inasema juu ya ardhi iliyonyweshewa mvua mara nyingi. Mvua tumeipata. Jirani anayekuja kwetu akiwa na njaa na hofu ya majibu ya hospitali, je, anachuma nini kwetu?

Maswali ya kujadili

1. Soma Mwanzo 3:18 na Mathayo 7:16. Kwa nini Yesu alichagua mimea ile ile ya Edeni kuelezea manabii wa uongo?
2. Ni majina au vyeo gani vinavyotufanya tuogope kuuliza maswali?
3. Tunawezaje kumsaidia ndugu aliyeambiwa ana homa ya ini B asijione ametengwa?
4. Je, umeshapimwa? Kama bado, nani katika kikundi atakusindikiza?

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa mimea, kwa madaktari na kwa Neno lako. Tupe macho ya kuona tunda, na ujasiri wa kuuliza. Wakumbuke wagonjwa wa ini walio kati yetu, wanaojulikana na wasiojulikana. Utufanye sisi kuwa mtini kwa mwenye njaa. Kwa jina la Yesu, Amina.